Wanaokaa mezani pa shirika la wakulima hapa Kivu: wametoka wapi?

Kila shirika linalosaidia wakulima lina watu wachache wanaokaa mezani na kuamua: mbegu zinunuliwe wapi, kijiji gani kianze, nani aandikwe na nani angoje. Hapa Kivu tunawaita watu wa komite, au baraza la uongozi. Majina yao yameandikwa kwenye statuti, lakini wakulima wengi hawajawahi kuyasikia. Ndugu wasikilizaji, jambo hili si dogo, hasa wakati huu ambapo familia nyingi ziko mbali na mashamba yao. Anayekaa mezani ndiye anayekumbuka kijiji chako au anayekisahau. Tukiangalia nyuma, karibu miaka mia moja, tunaona kwamba kila kipindi kilikuwa na watu wake mezani, na mkulima mwenyewe ndiye alikuja mwisho.

Wakati wa Bula Matari

Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, kampuni iliyopewa mamlaka juu ya ardhi kubwa sana ya Kivu ili iwagawie walowezi wa kizungu. Walipanda kahawa, chai na miti ya kwinini. Kabla ya hapo, tangu 1917, sheria ilikuwa inawalazimisha wanakijiji kulima mazao ambayo serikali imeamuru. Mashauri yalifanyika mbali na mkulima. Aliyemjua ni kapita tu, aliyekuja kuhesabu mistari ya shamba lake.

Vyama vya ushirika vya Waafrika vilipata sheria yao mwaka 1949, kisha ikaja nyingine ya tarehe 24 Machi 1956, ambayo ilidumu miaka mingi hata baada ya uhuru. Lakini vyama vile vilikuwa chini ya jicho la serikali ya kikoloni. Viongozi wao mara nyingi walikuwa machifu waliokubaliwa na utawala, makarani na walimu wa misioni. Walijua kusoma na kuandika Kifaransa, na hiyo ndiyo ilikuwa tiketi ya kuingia. Mkulima alileta mavuno, hakuleta neno.

Baada ya 1973

Mwaka 1973 ulileta mambo mawili mazito. Tarehe 20 Julai sheria mpya ilitangaza kwamba ardhi yote ni ya serikali. Huku Bushi watu walikuwa wamezoea kalinzi, yaani kumpa mwami au wakili wake ng'ombe ili kupata haki ya kudumu juu ya shamba. Baada ya sheria ile, mwenye karatasi kutoka ofisini aliweza kumshinda mwenye kalinzi. Kisha tarehe 30 Novemba Mobutu akatangaza zaïrianisation, na mashamba ya wageni yakapewa watu waliokuwa karibu na utawala. Mengi yakafa, barabara zikaharibika, na bei ya kahawa ikabaki mikononi mwa wachuuzi.

Serikali iliposhindwa, wengine waliingia. Huo ndio mwanzo wa mashirika mengi tunayoyajua leo. Mezani walikaa mapadri na wachungaji, kwa sababu Kanisa ndilo lilibaki na gari, na pia na mahali watu waliweza kukutana bila kushukiwa. Walikaa walimu. Walikaa maagronomo, wengine waliopitia kituo cha utafiti cha Mulungu, wengine waliosoma ISDR ya Bukavu, chuo kinachofundisha maendeleo ya vijijini. Walikaa wafanyabiashara pia, hasa upande wa Butembo, ambako askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo katoliki la Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, aliwasukuma waumini kujenga barabara na vituo vya afya kwa nguvu zao wenyewe.

Watu hawa walifanya kazi kubwa. Walijua kuandika miradi, kupokea wageni wa Ulaya na kusimama mbele ya mkuu wa wilaya. Lakini elimu iliyowaweka mezani ilifungulia wengine mlango wa Kinshasa. Mfano unaojulikana ni Pierre Lumbi Okongo. Alikuwa mwanzilishi wa Solidarité Paysanne hapa Kivu. Wakati wa Mkutano Mkuu wa Taifa wa 1991 na 1992 alikuwa sauti kubwa ya mashirika ya raia, na mwaka 1992 akawa waziri wa mambo ya nje. Baadaye aliingia katika serikali nyingine na kazi nyingine za juu, hadi alipofariki Juni 2020. Kuna wanaosema alipeleka sauti ya kijiji hadi juu. Kuna wanaosema kijiji kilibaki bila mtu. Pande zote mbili zina hoja. Shirika lililojengwa juu ya mtu mmoja hodari linapata shida siku anapoitwa kwingine.

Mkulima anakaa mwenyewe

Miaka ya 1990 ilileta wazo jingine: mkulima asisemewe, aseme. Butembo, mwaka 1993, kulianzishwa SYDIP, sindika ya kutetea maslahi ya wakulima. Kazi yake kubwa ilihusu migogoro ya ardhi kati ya wenye mashamba makubwa na wanakijiji. Mwaka 2003, upande wa Minova, mkulima mmoja aliwakusanya wenzake wa makabila mbalimbali na kuanzisha chama cha kahawa cha SOPACDI. Wakati ule watu walikuwa wanavusha kahawa usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, na wengi walizama ziwani. Wajane wao wakawa wanachama. Mwaliko wa kuingia haukuwa diploma. Ulikuwa shamba na hasara waliyoipata wote.

Kwa akina mama njia ilikuwa ndefu zaidi. Kodi ya familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kufanya tendo la kisheria, kama vile kutia sahihi mkataba. Sasa fikiria mama anachaguliwa kuwa mtunza hazina, halafu hawezi kusaini bila mume kukubali. Kifungu hicho kilibadilishwa mwaka 2016 tu. Ndiyo maana wengi walijifunza uongozi mahali pengine, kwenye likelemba na kwenye MUSO. Kule kuna kasha la kijani la mikopo, kasha jekundu la msiba na ugonjwa, na kasha la buluu la pesa inayotoka nje. Funguo haziwekwi kwa mtu mmoja. Hesabu inasomwa mbele ya wote. Mama ambaye hakumaliza shule ya msingi anajua hapo nani amelipa na nani bado.

Wengine walianzia kwenye maumivu yao wenyewe. Rebecca Masika Katsuva, aliyefariki Februari 2016, alibakwa na alifiwa na mume wake vitani. Karibu na Minova alipokea wanawake waliopitia yaleyale, akawatafutia shamba la kulima pamoja. Hakuhitaji ripoti ya kumwambia mhamaji anahitaji nini kwanza.

Leo, watu wametawanyika

Baada ya vita kufika Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, kambi zilizokuwa kando ya Goma zilivunjwa na mabenki ya miji hiyo yakafungwa. Mashirika mengi yakajikuta na wanachama wako huku na kule, na pesa ziko mahali pasipofikika. Hapo hatari ya zamani inarudi: watu watatu au wanne walio mjini wanaamua kwa jina la vijiji ambavyo hawajavikanyaga siku nyingi. Wanaweza kufanya hivyo kwa nia njema kabisa. Lakini orodha ya msaada inayoandikwa bila mtu wa kijiji itakosa majina ya kijiji hicho. Na mkulima atakayerudi akute shamba lake limepewa mwingine atahitaji mtu mezani anayejua mpaka ulikuwa wapi.

Sheria inampa mwanachama nguvu. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyo ya faida inasema mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye mamlaka ya juu. Baraza linatoka kwake na linajibu kwake. Kwa hiyo hata ukiwa umehamia kwa jamaa, una haki ya kuuliza. Nani yuko kwenye baraza sasa? Anatoka grupema gani, na aliishi kwa kazi gani kabla ya kuingia? Kuna mama anayetia sahihi? Kuna mtu mmoja kati yao aliyekimbia kama sisi? Mkutano wa mwisho ulifanyika lini, na hesabu zilisomwa kwa lugha gani?

Si kwamba padri, mwalimu au agronomo hafai. Bila wao mashirika haya yasingezaliwa, na bado tunahitaji mtu wa kusoma mkataba vizuri. Lakini awe na jirani mezani ambaye mikono yake inajua jembe. Mkisikia shirika lenu linaitisha mkutano, hata kwa simu, msiseme hayo ni mambo ya wakubwa. Kiti kikibaki kitupu, historia yetu inaonyesha hakikai hivyo siku nyingi. Mwingine anakikalia.