Mmea wa Usambara dirishani

Ule mmea mdogo wa maua ya zambarau na majani ya manyoya-manyoya, unaouzwa kila mahali hapa Uingereza, ni wa kwetu. Kwetu kabisa: asili yake Usambara, Tanga. Waingereza wanauita urujuani wa Afrika tu, utadhani Afrika ni kijiji kimoja. Wajerumani angalau wanataja mlima: Usambaraveilchen.

Na wao ndio waliouchukua. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya Tanga enzi za ukoloni, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, akaupa jina Saintpaulia. Yaani unapita msituni, mmea unakuwa jina lako! Wasambaa, wenye milima, hawamo kabisa. (Mwaka 2015 wataalamu waliuhamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus. Mimi sikulia.)

Ninao mmoja jikoni. Ukijua ulikotoka, kuutunza si kazi. Kule unaota kwenye mawe, kivulini, penye unyevu. Kwa hiyo usiuanike kwenye jua kali. Maji tia kwenye kisahani chini, majani yasilowe. Ukitaka mwingine, kata jani na kikonyo chake, chomeka kwenye udongo mwepesi, halafu subiri wiki kadhaa.

Huku unazaliana hivyo kwa jani tu, wakati kule msitu unakatwa na baadhi ya ndugu zake wa porini wako hatarini kutoweka. Jani langu limetoa vichipukizi vitatu. Kimoja nampelekea bibi, mzaliwa wa Muheza.