Lawama kwa Tindikali, Kosa la Mlango

Mswahili akishikwa na kiungulia huweka kiganja chini kidogo ya kidari na kusema chembe cha moyo kinawaka. Akisikia kutaka kutapika husema moyo unamchafuka. Moyo wenyewe hauna habari. Anayesumbuka ni jirani yake, tumbo. Wagiriki wa kale nao walichanganya majirani hao hao: neno lao kardia lilikuwa la moyo, na pia la mdomo wa juu wa tumbo, na madaktari wa leo bado wanaliita kwa jina hilo eneo ambapo umio unaungana na tumbo. Lugha hizi mbili zilikosea kiungo, ila zilipatia mahali. Kidole cha mgonjwa kilielekea mlangoni, pale chakula kinapoingia tumboni na ambapo hakitakiwi kurudi. Hoja ya makala haya ni kwamba historia ya kutibu kiungulia ni historia ya kuupa mlango huo kisogo. Kwa zaidi ya karne moja tiba ilimshughulikia apitaye, yaani tindikali, ikajaliwa kupata dawa kali za kumdhibiti, huku mlango uliomruhusu kupita ukikumbukwa mwishoni.

Kabla ya karne ya 19 hakuna aliyejua kwa hakika kilichomo tumboni. Utabibu ulioanzia kwa Wagiriki, ukapita mikononi mwa Ibn Sina na kufika pwani yetu kwa njia ya Waarabu, ulihesabu majimaji 4 ya mwili: damu, balghamu, safura na sauda. Safura, ambalo kwetu limebaki kuwa jina la ugonjwa wa minyoo na upungufu wa damu, lilikuwa jina la nyongo ya manjano, na mtu aliyeungua kifua alihesabiwa kuwa amezidiwa na joto, basi atafutiwe cha kumpoza. Nadharia haikuwa sahihi, lakini baadhi ya vipozeo vilisaidia kweli. Chaki na marijani zilizosagwa, dawa za tangu kale, zina kaboneti ya kalsiamu, na hiyo hupunguza ukali wa tindikali. Huku kwetu magadi yanayotoka Ziwa Magadi la Kenya na Ziwa Natron la Tanzania, yale ya kulainishia maharage na kisamvu, yana kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Bikaboneti ndiyo inayochemka katika glasi ya Eno, chumvi iliyoanza kuuzwa Newcastle, Uingereza, katika karne ya 19 na ambayo haikosekani katika maduka yetu. Ikikutana na tindikali hugeuka chumvi, maji na hewa. Mtu hucheua, akapata nafuu, na baada ya muda mfupi moto ukarudi. Hili si pendekezo la kulamba magadi ghafi: yana sodiamu nyingi, na floridi yake ndiyo mojawapo ya sababu za meno ya kahawia katika baadhi ya sehemu za Afrika Mashariki. Ni kielelezo tu cha jinsi nafuu inavyoweza kuutangulia ujuzi, na jinsi nafuu hiyo inavyoweza kumfanya mtu asiulize zaidi.

Ujuzi ulikuja kwa kasi. Desemba 1823 mkemia William Prout aliwaeleza wanasayansi wa London kwamba tindikali ya tumboni ni haidrokloriki, ile ile inayokula madini. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 6 Juni 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mchukuzi katika biashara ya manyoya aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bahati mbaya. Alipona, lakini tundu lililoingia hadi tumboni halikuziba kamwe. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alifunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwenye uzi wa hariri, akavishusha kwa tundu hilo, akawa anavivuta baada ya saa kadhaa kutazama kilichobaki. Majaribio yake 238 yaliyochapishwa mwaka 1833 yalithibitisha kwamba chakula huyeyushwa na maji makali ya tumbo. St. Martin aliishi na tundu lake hadi mwaka 1880. Kuanzia majaribio hayo tindikali ikawa kitu cha kuonwa kwa macho, kuchotwa na kupimwa chupani. Mlango haukuwa na bahati hiyo. Hauna pete nene ya nyama ambayo mpasuaji wa maiti angeishika na kuwaonyesha wanafunzi. Ni misuli inayobana katika mtu aliye hai na kulegea anapokufa. Ndiyo maana wataalamu walibishana kwa miaka mingi hata kama upo.

Kinachopimika ndicho kinachoshtakiwa. Mwaka 1910 Karl Schwarz wa Zagreb alitoa kanuni kwamba pasipo tindikali hapatakuwa na kidonda cha tumbo, na kanuni hiyo ikatawala tiba kwa miongo mingi. Mwaka 1915 Bertram Sippy wa Chicago aliwapa wagonjwa wa vidonda maziwa yenye krimu kila saa, na unga wa alkali katikati ya vipimo hivyo. Wengi walipata nafuu, lakini kufikia mwaka 1923 madaktari walikuwa wameshaandika habari za wagonjwa waliodhuriwa na dawa yenyewe: kalsiamu na alkali zikizidi katika damu, figo huumia. Mgonjwa wa kiungulia aliingizwa humo humo, ingawa shida yake ilikuwa tofauti. Ushahidi wa tofauti hiyo ulikuwa mbele ya kila mkunga. Mjamzito huungua kifua kuliko alivyowahi kuungua, si kwa sababu tumbo lake limeanza kutoa tindikali kupita kiasi, bali kwa sababu homoni za mimba hulegeza misuli ya mlango na mtoto anayekua husukuma tumbo juu. Akishajifungua, kiungulia kwa kawaida huondoka.

Mlango uliingia katika hoja polepole. Mwaka 1935 Asher Winkelstein wa New York alieleza kwamba umio wenyewe unaweza kuunguzwa na maji ya tumbo. Baadaye Philip Allison, mpasuaji wa Leeds, Uingereza, aliuhusisha uunguaji huo na tumbo linalopanda kupitia tundu la kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Mwaka 1956 Fyke, Code na Schlegel, wakitumia mirija ya kupima mgandamizo, walionyesha kwamba mwisho wa umio kuna eneo linalobana kuliko kwingine. Maiti haikuweza kuonyesha mlango. Aliye hai aliuonyesha. Mwaka huo huo Rudolf Nissen, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler akafanya kazi Istanbul kabla ya kufika Basel, alichapisha upasuaji wake: kuichukua sehemu ya juu ya tumbo na kuizungushia chini ya umio kama skafu, ili tumbo lijaapo libane lenyewe. Pigo la mwisho lilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na John Dent na wenzake. Waligundua kwamba kwa wagonjwa wengi mlango haujachakaa, ila unafunguka wakati si wake, bila mtu kumeza kitu. Kinachoufungua zaidi ni tumbo lililotanuka. Njia inayomwezesha mtu kucheua hewa baada ya kushiba ndiyo hiyo hiyo inayopitisha tindikali.

Hapa msomaji ana haki ya kupinga. Kama kosa ni la mlango, mbona dawa za tindikali ndizo zilizofaulu? Pingamizi hili ni zito, na takwimu za karne ziko upande wake. James Black na wenzake nchini Uingereza walitengeneza simetidini, iliyoanza kuuzwa huko mwaka 1976, na Black akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mwaka huo huo omeprazoli ya kampuni ya Astra ilianza kutumika Sweden. Hii haizimi tindikali iliyokwisha kutoka; inaziba pampu zinazoitoa katika ukuta wa tumbo. Umio uliochubuka hupona kwa dawa hiyo kuliko kwa chochote kilichotangulia, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Mtu mwenye michubuko hiyo asiiache kwa sababu ya makala. Lakini kupona kwa umio hakumaanishi mlango umetengenezwa. Mgonjwa wa omeprazoli bado hurudiwa na maji ya tumbo. Yamepungua makali tu. Ndiyo sababu wengi wakiacha vidonge kiungulia hurejea. Na kuna la ziada: mwaka 2009 watafiti wa Denmark waliwapa watu wazima wasio na ugonjwa wowote dawa ya jamii hiyo kwa wiki 8, kisha wakaiondoa. Asilimia 44 walipata kiungulia au dalili zinazofanana nacho, dhidi ya asilimia 15 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tumbo lililozuiwa hulipiza. Dawa iliyokuja kumaliza kiungulia inaweza, ikiachwa ghafla, kukileta kwa mtu ambaye hakuwa nacho.

Pingamizi la pili linatoka mitaani kwetu: kiungulia si ni vidonda vya tumbo tu? Mkanganyiko huu una sababu ya kihistoria, maana magonjwa haya mawili yalitibiwa kwa maziwa na unga mmoja kwa nusu karne. Lakini mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walikiotesha maabara kimelea kinachoitwa Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall alikinywa mwenyewe, tumbo lake likavimba ndani, na mwaka 2005 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel. Vidonda vingi vya tumbo vina mshtakiwa anayeweza kuuawa kwa antibiotiki. Kiungulia hakina. Anayeingia duka la dawa akasema ana vidonda kwa sababu kifua kinawaka usiku, akapewa mseto wa antibiotiki, anaweza kuua kimelea na kubaki na mlango ule ule unaofunguka.

Mlango unashughulikiwaje, basi? Wengi watataja orodha ya vyakula vilivyokatazwa: pilipili, nyanya, machungwa, kahawa. Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 2006 yalikuta ushahidi mdogo mno kuwa kuacha vyakula hivyo kunamsaidia kila mtu. Aliyejipima akaona ndizi mbivu inamwasha na aiache ndizi, si zaidi. Mapitio hayo yaliunga mkono mambo mawili: kupunguza uzito kwa aliyezidi na kuinua kitanda upande wa kichwani. Ni tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda wa upande huo, kiasi cha sentimita 15, si mito miwili inayomkunja mtu kiunoni na kulikamua tumbo. Kulala ubavu wa kushoto pia kunasaidia, kwa kuwa mlango hukaa juu ya maji ya tumbo. Na baada ya Dent tunajua kwa nini wali wa saa nne usiku unaofuatwa na usingizi wa saa nne na nusu ni mwaliko: tumbo lililotanuka linafungua mlango, na mwili uliolala unaondoa mteremko. Mambo haya hayana kampuni ya kuyatangaza. Kama umeandikiwa omeprazoli, imeze nusu saa kabla ya kula, kwa sababu pampu inayozibwa ni ile iliyoamshwa na chakula, na usiiache wala kuiendeleza kwa miezi bila kumuuliza aliyekuandikia. Chakula kikikwama, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi au ukikonda bila sababu, nenda hospitali. Na maumivu yakibana kifua yakaelekea mkono au taya, yakaja na jasho, usiyaite kiungulia: safari hiyo huenda ni moyo kweli.