Fungate ya Gari Kusini mwa Ufaransa: Nyayo za Biharusi Asiyetajwa Jina



Wiki iliyopita alikuja kwangu biharusi mtarajiwa, simu mkononi. Mchumba wake anafanya kazi Toulouse, na fungate yao wataikaa huko Ufaransa: siku saba, gari la kukodi, mashamba na vijiji. Akanionesha ramani iliyojaa alama. Nikamuuliza, "Nani kapanga?" Akacheka. "Yeye. Mimi nimesema sawa tu."

Nikamwambia akae kitako. Upande huohuo wa Ufaransa kuna habari ya biharusi mwengine, wa karibu miaka 1,300 iliyopita. Tukafungua ramani upya na kuifuata habari hiyo, kituo kwa kituo. Na nyinyi ifuateni pamoja nasi.

Kituo cha kwanza: Nîmes

Anzeni Nîmes. Watu wengi huenda kuona uwanja wa Warumi, na kweli unapendeza. Lakini chini ya mji huo wachimbaji wa mambo ya kale walikuta makaburi matatu ya wanaume waliolazwa kwa ubavu wa kulia, nyuso zikielekea Makka. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionesha kuwa walizikwa kati ya karne ya 7 na ya 9, na damu ya upande wa baba zao ilitoka Afrika ya Kaskazini. Walizikwa kwa utaratibu tunaoujua sote, ndani ya mji wa watu wa dini nyengine.

Walifikaje? Waislamu walivuka bahari kuingia Hispania mwaka 711. Miaka michache baadaye wakavuka milima ya Pyrenees. Nîmes na Carcassonne ziliingia mikononi mwao mwaka 725, chini ya Anbasa ibn Suhaym.

Kituo cha pili: Narbonne

Kutoka Nîmes hadi Narbonne ni kilomita kama 140, bahari ikiwa mkono wenu wa kushoto. Waarabu waliuita mji huu Arbuna. Aliyeuteka mwaka 719 ni As-Samh ibn Malik al-Khawlani, liwali aliyeteuliwa na Khalifa Umar ibn Abdul-Aziz, yule yule ambaye mashekhe wetu hutusimulia uadilifu wake. Waislamu waliushika mji kwa miaka 40, mpaka mwaka 759 ulipochukuliwa na Pepin, mfalme wa Wafaranki.

Mwaka 721 As-Samh alikwenda kuuzingira mji wa Toulouse. Huko akakutana na jeshi la Eudes, mtawala wa Aquitaine, akashindwa na akafariki. Mshikeni vizuri huyu Eudes, kwa sababu ndiye baba wa biharusi wetu.

Kituo cha tatu: milimani

Kutoka Narbonne shukeni kusini hadi Perpignan, kisha pandeni bonde la mto Têt kuelekea Mont-Louis. Kutoka Perpignan ni kilomita kama 80 tu, lakini tengeni nusu siku nzima. Barabara ni ya kona nyingi, na kila mkipanda baridi inaongezeka. Juu kuna uwanda mpana uitwao Cerdagne, uliozungukwa na vilele vya milima. Ndani yake mna mji mdogo wa Llívia, ambao ni ardhi ya Hispania iliyozungukwa na Ufaransa pande zote, kwa sababu ya mapatano ya mpaka ya mwaka 1659 na 1660.

Hapa alitawala mkuu wa Kiislamu aliyejulikana kwa jina la Munuza. Alikuwa Mberber, kama askari wengi waliovuka kutoka Afrika ya Kaskazini. Zilimfikia habari kuwa ndugu zake kule Afrika wanadhulumiwa na watawala wa Kiarabu. Akaghadhibika, akafanya amani na jirani yake Mkristo, na akajitenga na liwali wake wa Hispania. Jirani huyo alikuwa Eudes. Eudes naye alikuwa amebanwa: kusini majeshi ya Waislamu, kaskazini Charles Martel wa Wafaranki. Akataka ngao, na ngao aliyoiona ni binti yake. Akamuoza kwa Munuza.

Dada zangu, lugha yetu ina neno kuolewa na ina neno kuozwa. Huyu aliozwa. Habari zake tunazipata katika tarikh iliyoandikwa na Mkristo wa Hispania mwaka 754, miaka ishirini na kitu baada ya tukio. Mwandishi huyo kamtaja baba, kamtaja mume, kamtaja liwali aliyekuja kuwapiga vita. Binti kamuita "binti wa Eudes", basi. Jina la Lampegia analoitwa leo lililetwa na waandishi wa baadaye.

Mwaka 731 liwali Abdurrahman al-Ghafiqi alipanda milima hii na jeshi. Munuza alizingirwa, akakatiwa maji, akakimbia akiwa na kiu kali, na mwisho akajirusha kutoka kwenye jabali. Kichwa chake kikapelekwa kwa liwali. Na mkewe? Tarikh inasema alivushwa bahari kupelekwa kwa khalifa, naye wakati huo alikuwa Hisham ibn Abdul-Malik. Hapo habari yake inakatika.

Karibu na Mont-Louis kuna kijiji cha Planès, chenye kanisa dogo la umbo la pembe tatu. Wenyeji tangu zamani wameliita "msikiti", na wengine husema ni kaburi la Munuza. Wajuzi wa majengo wanasema ni kanisa lililojengwa mamia ya miaka baada yake. Hata hivyo simameni hapo kidogo, mtazame bonde. Mwanamke mmoja alifika milima hii kwa makubaliano ya wanaume wawili, akaondoka kwa amri ya wa tatu.

Kituo cha nne: Carcassonne

Teremkeni kwa barabara ya bonde la mto Aude, kilomita kama 120, hadi Carcassonne na ngome yake ya kuta mbili. Kwenye mlango mkuu mtaona sanamu ya kichwa cha mwanamke, Dame Carcas. Hadithi ya wenyeji inasema alikuwa malkia wa Kiislamu, mjane, aliyeulinda mji miaka mitano dhidi ya Charlemagne. Chakula kilipokaribia kwisha, akamlisha nguruwe ngano na kumtupa nje ya ukuta, ili adui wadhani kuwa ndani kuna shibe. Charlemagne akaondoka, kengele zikalia, na mji ukapata jina.

Ni hadithi tu. Jina la mji ni la kale tangu enzi za Warumi, na Charlemagne hakuuzingira. Lakini oneni ajabu yake: mwanamke wa kubuni ana jina na sanamu mlangoni, na mwanamke aliyeishi kweli hakuandikiwa hata jina lake.

Kituo cha mwisho: Poitiers

Kutoka Carcassonne hadi Toulouse ni kilomita kama 95. Mkibakiwa na siku mbili, pandeni kaskazini hadi Moussais-la-Bataille, karibu na Poitiers. Ni safari ya zaidi ya kilomita 400, basi peaneni zamu ya usukani. Mwaka 732, mwaka mmoja tu baada ya kifo cha Munuza, Abdurrahman alimshinda Eudes karibu na Bordeaux. Eudes akakimbilia kwa Charles Martel, adui yake wa zamani, na mwezi wa Oktoba majeshi yakakutana upande huu. Abdurrahman akauawa. Waarabu waliyaita mapigano hayo Balat ash-Shuhada, yaani barabara ya mawe ya mashahidi.

Kwa hiyo ndoa ile haikumlinda baba, haikumlinda mume, na biharusi mwenyewe haikumlinda kabisa.

Kabla ya kuwasha gari

Huko gari hupita mkono wa kulia, kinyume na kwetu. Leseni isiyo ya Kifaransa iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva au tafsiri rasmi. Barabara kuu nyingi hulipiwa. Mwendo wa juu ni kilomita 130 kwa saa, na barabara nyingi za vijijini ni 80. Hijabu barabarani haina tatizo, lakini tangu Aprili 2011 sheria inakataza kuficha uso mahali pa umma, kwa hiyo anayevaa ninja alifikirie hilo kabla ya kukata tiketi. Chakula maarufu cha upande huo, cassoulet, ni maharage yanayopikwa na nyama ya nguruwe. Nunueni nyama halali mijini kabla ya kupanda milimani. Sala za safari mnajua ruhusa yake.

Sasa nirudi kwa mgeni wangu. Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa mwanamwali aombwe idhini katika ndoa yake, na mahari Mwenyezi Mungu kayafanya haki yake yeye, si ya baba wala mjomba. Binti wa Eudes aliozwa kwa mkuu wa Kiislamu, na katika yote yaliyoandikwa hakuna pahala aliposema neno. Sisi tuna kauli. Mchumba aliyepanga safari bila kukuuliza huenda ana nia njema kabisa, na ramani ni jambo dogo. Lakini kama fungate unasema "sawa tu", utasema nini ikifika nyumba, kazi na watoto?

Yule binti alichukua simu yake akaenda barazani kumpigia mchumba. Nilimsikia akisema, "Nataka tupite milimani. Nitakueleza kwa nini."

Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zenu mawada na rehma. Amin.