Kuzoea Si Kufugwa: Mgomba Uliopoteza Mbegu

Tumezoea kusema mnyama amefugwa kwa kuwa hamkimbii mtu. Lakini kuzoea si kufugwa. Tembo anaweza kufundishwa kubeba magogo, na bado ndama wake akazaliwa na tabia ile ile ya porini. Kufugwa hasa ni pale kizazi chenyewe kinapobadilika, kwa sababu binadamu ndiye anayechagua nani azae.

Mimea nayo imepita njia hiyo. Tazameni mgomba. Ndizi za mwituni huko Asia ya Kusini-Mashariki na New Guinea zimejaa mbegu ngumu. Watu wa kale walichagua migomba yenye mbegu chache, wakapanda machipukizi yake. Mahali paitwapo Kuk, Papua New Guinea, pana dalili za kilimo cha migomba cha zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Baadaye mgomba ulifika Afrika, na leo unalisha mamilioni Uganda, Rwanda na Burundi.

Faida hiyo ina gharama. Ndizi isiyo na mbegu haifiki shamba jipya bila mkono wa mkulima. Tena chipukizi ni nakala ya mama yake; ugonjwa unaomwua mmoja huweza kuwaua wote. Mnyauko wa bakteria ulipobainika Uganda mwaka 2001, familia nyingi ziliona mikungu ikiozea shambani.

Basi kilichofugwa ni amana: kinatulisha, nasi tukitunze. Watoto wakimenya ndizi mbivu, waonyesheni vile vidoa vyeusi vya katikati. Hayo ndiyo mabaki ya mbegu.