Je, kasoro ya usalama katika Windows huvuka hadi Linux na Android?

Shehena inayotoka Kuluba, wilaya ya Koboko nchini Uganda, kwenda Kaya, Sudani Kusini, kupitia mpaka wa Oraba inaweza kutegemea mashine za aina tatu. Wakala wa forodha huandaa hati kwenye kompyuta yenye Windows, mwenye mali hulipa kwa simu ya Android, na kumbukumbu huhifadhiwa kwenye seva ya Linux. Moja ikishambuliwa, lori hulala mpakani na gharama hupanda.

Je, kasoro ya mfumo mmoja huhamia mwingine? Jibu ni kwamba kasoro hufuata programu ilimo, si jina la mfumo.

Kasoro zisizovuka
Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Vilipitia kasoro katika huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili, ambayo Microsoft ilikuwa imetolea marekebisho Machi 2017. Linux haina programu hiyo, hivyo kasoro haikuvuka. Hata hivyo, mwezi huohuo ilitangazwa kasoro tofauti katika Samba, programu inayoiwezesha Linux kushirikiana mafaili na Windows. Kila upande ulihitaji marekebisho yake.

Kasoro zinazovuka
Programu nyingi hujengwa kwa vipande vinavyotumika katika mifumo yote. Desemba 2021 ilitangazwa kasoro kubwa katika Log4j, kipande cha kuandika kumbukumbu za matukio katika programu za Java. Kwa kuwa Java hufanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, kasoro ilikuwa kotekote.

ASYCUDA World, mfumo wa UNCTAD unaotumiwa na forodha ya Uganda, nao umeandikwa kwa Java. Hiyo haina maana kwamba kila programu ya Java ina kasoro hiyo; zilizoathirika ni zile zenye matoleo mabovu ya Log4j. Marekebisho ya seva ni kazi ya mwenye mfumo; ya kompyuta ya ofisini ni kazi ya wakala.

Januari 2018 zilitangazwa Meltdown na Spectre, kasoro za prosesa zenyewe, ambazo ziligusa Windows, Linux na Mac kwa pamoja.

Mambo ya kuzingatia
- Sasisha mfumo, kivinjari na programu nyingine, kila kimoja peke yake.
- Microsoft iliacha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Panga kuhamia toleo jipya.
- Weka nakala za hati za mizigo kwenye diski isiyounganishwa na kompyuta muda wote.
- Usimwazime mtu nywila wala namba ya siri ya pesa za simu. Anayezipata kwa hila hahitaji kasoro yoyote, na hakuna mfumo utakaomzuia.