Kilichoiamsha Seli ya Inzi

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwako Naples, katika nchi ya Italia, mtaalamu wa elimu ya urithi wa viumbe, jina lake Ferruccio Ritossa, akichunguza tezi za mate za mabuu ya inzi wa matunda. Kromosomu za tezi hizo ni nene mno, na mahali jeni inapofanya kazi huvimba, hata huonekana kwa darubini. Siku moja mwenziwe aliongeza joto la kabati walimowekwa mabuu. Ritossa alipotazama aliona vivimbe vipya, na vile vya awali vimenywea.

Makala yake ilikataliwa na jarida moja mashuhuri, ikatoka katika Experientia mwaka wa 1962. Waliompuuza hawakuisoma vema anwani yake, kwani ilitaja kwamba vivimbe vile viliweza kuletwa pia na dinitrofenoli, dawa iizuiayo seli kujipatia nguvu. Basi joto lenyewe silo lililokuwa habari. Habari ilikuwa nini?

Jibu lilikawia. Mwaka wa 1974 Alfred Tissières na wenziwe, huko California, walionyesha kuwa joto huifanya seli itengeneze protini za namna ya pekee. Baadaye ikafahamika kuwa nyingi katika hizo ni walinzi wa protini nyingine. Maana protini ni mfano wa uzi mrefu, usiofaa kitu mpaka ukunjike kwa umbo lake. Umbo likiharibika, nyuzi hushikamana na kuganda kama ute wa yai motoni. Ndipo mwaka wa 1986 Ananthan, Goldberg na Voellmy walipotia protini zilizoharibiwa umbo ndani ya mayai machanga ya chura, na jeni za walinzi zikaamka pasipo joto lolote.

Wakati wa raha walinzi huishika ile protini iwashayo jeni zao. Kazi ya kuokoa ikizidi huiacha, nayo huru huagiza walinzi wengine, mpaka wawe wengi wa kutosha kuishika tena.

Lakini protini za kupelekwa nje ya seli hukunjwa katika chumba chenye utando wake, na ajali ya humo haionekani na walinzi wa nje. Mwaka wa 1993 Kazutoshi Mori na Peter Walter, kila mmoja na wenziwe, walimgundua katika hamira mjumbe aitwaye Ire1, aliyepenya utando huo: upande mmoja huhisi madhara, wa pili hupeleka habari kwenye kiini.