Kutoka Jembe hadi Sanduku la Trekta: Historia Fupi ya Majina ya Zana za Kusawazishia Ardhi, pamoja na Tatizo la Neno "Ukubwa"

1. Utangulizi

Jina la Michenzani latokana na michenza, yaani miti izaayo machenza. Aendaye huko leo hakuti michenza. Hukuta majumba marefu ya ghorofa, na katikati yake mzunguko wa barabara ambao wananchi huuita kiplefti. Neno hili la pili halikutungwa na kamati yoyote. Lilitoka kwenye kibao cha barabarani kilichomwamuru dereva ashike kushoto, likaingia vinywani, likadumu. Hivyo mahali pamoja pana majina ya namna mbili: moja limebaki ingawa kitu chake kimetoweka, na jingine limezaliwa na ujio wa magari.

Katika makala haya tunakusudia kufuata safari ya majina ya zana za kusawazishia ardhi, hasa katika kisiwa cha Unguja, kisha kueleza tatizo lililotukuta tulipofasiri maelezo ya zana mojawapo. Twatumaini kwamba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali watafaidika na kosa letu.

2. Zana za mkono na majina ya udongo

Kabla ya mashine, ardhi ilisawazishwa kwa jembe, sururu, mtaimbo, chepe na karai. Kila zana ilikuwa na kazi yake, na mtumiaji hakuhitaji kuulizwa kipimo. Mpini ulikatwa kwa kadiri ya mikono ya mwenye jembe. Mkondo wa bahari uliokuwa ukitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa kidogo kidogo, na kilichosalia ni jina la Darajani, mahali palipokuwa na daraja.

Pamoja na zana hizo, wakulima wa Unguja walikuwa na majina kamili ya udongo: kichanga, kinongo, kinamo, uwanda na maweni. Wataalamu wa udongo wa wakati wa ukoloni hawakuona haja ya kuyabadili. Waliyachukua kama yalivyo na kuyatumia katika taarifa zao. Huu ni mfano mwema wa istilahi iliyotoka kwa mkulima ikaenda kwa mtaalamu, badala ya kufuata njia tuliyoizoea.

3. Mashine zafika Ng'ambo

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Zanzibar ilipata msaada wa ujenzi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani. Mwaka 1968 Mjerumani Hubert Scholz alitayarisha ramani kuu ya mji, na katika miaka iliyofuata majumba ya Michenzani yakaanza kusimama. Nyumba za udongo zilibomolewa, ardhi ikasawazishwa, na wananchi wakaitwa kujitolea katika kazi za ujenzi.

Mashine za kazi za namna hiyo zilileta majina yake. Buldoza na greda ni maneno ya mkopo yaliyovishwa sauti za Kiswahili. Katapila ni jina la kampuni lililogeuka kuwa jina la mashine ya kampuni yoyote. Huko Bara wengi walichagua tingatinga. Tukiyatazama maneno haya, twaona kwamba yanataja mashine nzima tu. Sehemu zake na vipimo vyake havikupata majina yanayojulikana kwa wote. Pengo hilo halikuonekana wakati mashine zilipokuja pamoja na wataalamu wake. Lilionekana pale ofisi zetu zilipoanza kununua zenyewe.

4. Trekta na viungo vitatu

Hapo zamani trekta lilikokota zana kama punda akokotavyo gari. Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, ndiye aliyeeneza mtindo wa kuifunga zana nyuma ya trekta kwa viungo vitatu, viwili chini na kimoja juu, na kuinyanyua kwa nguvu ya mafuta yaliyoshinikizwa. Trekta lake la TE20 lilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946. Kwa mtindo huo trekta moja dogo liliweza kubadilisha zana nyingi.

Lakini kufungika si kufaa. Tanganyika ililiona hilo katika mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Huko Kongwa mashine ziliharibika kwa wingi, kwa kuwa zilipelekwa kabla udongo haujachunguzwa vya kutosha. Wakati wa kiangazi udongo ule hukauka ukawa mgumu mno.

Miongoni mwa zana zinazofungwa kwa viungo vitatu imo ile tunayoizungumzia hapa. Umbo lake ni la sanduku lisilo na mfuniko, sakafu wala ukuta wa mbele. Ukuta wa nyuma una bapa la chuma lenye makali, na mbele yake hushuka meno ya kuchimbulia ardhi ngumu. Trekta linapokwenda, meno hulegeza udongo, bapa huukwangua, sanduku huubeba na kuumwaga penye shimo. Hufaa sana kwa njia za vijijini na viwanja vya skuli.

5. Kosa la "ukubwa"

Si miaka mingi iliyopita tuliletewa fomu ya ununuzi wa zana hiyo tuifasiri. Palipoulizwa kipimo cha sanduku tuliandika "ukubwa unaofaa". Tuliona tumefasiri sawasawa. Trekta lilikuwa dogo, la nguvu farasi 22, na upana wake kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja la nyuma hadi ukingo wa nje wa jingine ulikuwa mita 1.25. Likaletwa sanduku la futi 6, yaani mita 1.83.

Lilipopelekwa kwenye njia ya maweni, sanduku lilijaa, magurudumu yakazunguka pale pale na trekta lisiende. Dereva, mzee aliyezeeka katika kazi hiyo, alituambia, "Wanangu, trekta halina kosa. Nyinyi mmeandika kubwa, mkaletewa kubwa."

Maneno yake yalitufundisha mengi. "Ukubwa" ni nomino iliyotokana na "kubwa", na masikioni mwa mnunuzi hubeba sifa, wala si kipimo tu. Isitoshe, neno hilo moja lilificha maswali manne yaliyopasa kuulizwa mbalimbali.

Kwanza ni upana. Sanduku halina budi kufunika alama za magurudumu yote mawili ya nyuma, ama sivyo trekta litaacha mifereji kwenye ardhi iliyokwisha kusawazishwa. Kwa trekta lile, sanduku la inchi 54, yaani mita 1.37, lingetosha na kuzidi sentimita 6 kila upande.

Pili ni mzigo. Ikiwa kimo na kina cha sanduku ni nusu mita, kila futi moja ya upana inayoongezwa hubeba karibu kilo 110 zaidi za udongo pindi likijaa. Sanduku letu lilizidi futi moja na nusu, basi lilizidisha karibu kilo 170, mbali na uzito wa chuma chake.

Tatu ni udongo. Kwenye kichanga trekta dogo huweza kuvumilia sanduku pana kidogo. Kwenye kinamo kilicholowa au maweni, jembamba lenye meno imara ndilo lifaalo.

Nne ni pini za viungo. Matrekta madogo aghalabu hutumia pini za chini za milimita 22 na ya juu ya milimita 19. Yale makubwa zaidi hutumia 28 na 25.

6. Mapendekezo

Kwa hiyo twapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe:

(a) sanduku la kusawazishia: zana yenyewe;
(b) meno ya kuchimbulia: vyuma vinavyoshuka mbele ya bapa;
(c) upana wa kazi: urefu wa makali ya bapa;
(d) upana wa nje wa magurudumu: kutoka ukingo hadi ukingo, si kutoka kati hadi kati;
(e) uzito mtupu: uzito wa zana bila udongo.

Neno "ukubwa" lisitumike peke yake katika fomu yoyote ya ununuzi. Mahali pake litajwe jina la kipimo na kizio chake.

7. Hitimisho

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Sanduku lile la futi 6 lingali limeegeshwa, likingoja trekta la kadiri yake, na gharama yake imekwisha kulipwa kwa fedha za umma. Wasomaji, hasa madereva na mafundi wa karakana, wanaombwa watuletee majina wanayoyatumia wao kwa sehemu hizi. Tutafurahi kuyafuta ya kwetu iwapo yao ni bora.